Yule Mama wa Nyuma Kabisa

Nawasalimu nyote mlioko Kisegi, Nyandiwa na Magunga, mlioko Sindo na Mbita, na nyinyi wa upande wa Migori, kuanzia Karungu na Sori mpaka Muhuru Bay kule mpakani. Kama uko jikoni, sogeza redio karibu na meko. Kama uko ufuoni unashona wavu, endelea na kazi yako; ninachoomba ni masikio tu.

Leo naanza na swali. Umewahi kukaa nje usiku, hapo ufuoni Kisegi, wavuvi wa omena wakiwa wameshawasha taa zao huko majini? Upepo umetulia. Ziwa limelala. Ghafla unasikia mtu anakohoa, kisha anamwambia mwenzake ampe maji ya kunywa, na unamsikia kana kwamba mmekalia benchi moja. Ukiitazama taa yake, iko mbali kweli kweli. Walimu wa fizikia wana maelezo yake. Usiku, hewa iliyogusana na maji hupoa kuliko ile iliyo juu yake, basi sauti badala ya kupaa ikapotea angani hupinda ikarudi chini, ikateleza juu ya ziwa mpaka nchi kavu. Haya, hiyo ni fizikia. Mimi nataka ushike jambo jingine: yule mvuvi hakupiga kelele.

Lishike hilo. Tutalirudia.

Mazungumzo ya leo ni juu ya waigizaji waliogeuka walimu wa sauti. Namaanisha mtu aliyezoea kuvaa taji la karatasi jukwaani, akacheka kicheko kisicho chake na kulia machozi yasiyo yake, sasa anamfundisha chifu, mhubiri, mwenyekiti wa ufuo au mgombea udiwani jinsi ya kusimama mbele ya watu na kusema. Najua kuna mzee mmoja mahali fulani amekwisha kutikisa kichwa. Anauliza: mwigizaji si ndiye bingwa wa kujifanya? Mimi ninayetaka kuwaambia watu ukweli, huyo atanifundisha nini?

Swali lako ni zuri, jaduong'. Tena ni la zamani.

Twende mbali kidogo, mpaka mji wa Athens huko Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alikuwako kijana akiitwa Demosthenes, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo. Kijana huyu alijua kupanga hoja, lakini pumzi yake ilikuwa fupi, ulimi wake mzito na sauti yake dhaifu. Aliposimama kwenye mkutano wa raia wakamzomea. Plutarch, mwandishi aliyeeleza maisha yake karne nne hivi baadaye, anasimulia kwamba siku moja Demosthenes alitoka mkutanoni amejifunika kichwa kwa aibu, akashika njia ya nyumbani. Nyuma yake akamfuata mtu anayemfahamu, mwigizaji aliyeitwa Satyrus, wakaingia nyumbani pamoja.

Demosthenes akaanza kulalamika. Alisema amejiua kwa kazi ya kuandaa hotuba, na bado watu hawamtaki, ilhali walevi na mabaharia wasiojua kusoma wakisimama wanasikilizwa. Mabaharia! Wavuvi wa Nyandiwa, chekeni kidogo, mmesifiwa tangu enzi hizo.

Sasa sikiliza alichofanya Satyrus. Hakumpa pole, wala hakumwambia ajiamini, lile neno ambalo siku hizi tunaligawa bure kama peremende. Alimwomba tu akariri mistari michache ya tamthilia, ya Euripides au ya Sophocles. Demosthenes akakariri. Kisha Satyrus akaichukua mistari ile ile, akaisema yeye, kwa hali na tabia ya mhusika mwenyewe. Demosthenes akahisi kwamba anasikia mistari mingine kabisa.

Narudia, maana hapa ndipo penye kiini: maneno yalikuwa yale yale. Hakuongeza neno, hakupunguza. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu ndani ya maneno.

Baada ya siku ile Demosthenes alijitesa sana. Anasimuliwa kuwa alijichimbia chumba chini ya ardhi cha kufanyia mazoezi, akanyoa upande mmoja wa kichwa ili aone haya kutoka nje. Alisema akiwa na vijiwe mdomoni. Alihutubia huku akipanda mlima mbio. Na Cicero wa Roma anaongeza kwamba alikuwa akienda ufuoni, Phaleron, kushindana na kelele za mawimbi. Ukipanda milima ya Gwassi na mzigo kichwani huku unapiga soga na shemeji yako, basi zoezi la mlima umekwisha kulifanya bila ada. Vijiwe usijaribu, tafadhali. Nisije nikasikia mtoto wa mtu amemeza kokoto kwa sababu ya kipindi changu.

Alipozeeka katika fani, aliulizwa jambo la kwanza katika ulumbi ni lipi. Akajibu ni uwasilishaji. La pili? Uwasilishaji. La tatu je? Uwasilishaji. Huyo ndiye aliyefuatwa na mwigizaji njiani. Na Cicero mwenyewe, bingwa wa Warumi, alikuwa karibu sana na Roscius, mwigizaji aliyesifika kuliko wote siku zake.

Lakini msije mkadhani haya ni mambo ya Wagiriki na Warumi tu. Watoto wetu wa sekondari wanayasoma katika fasihi simulizi: fanani, hadhira, mlumbi. Na babu zetu waliyaishi bila kuyasoma. Kwa Wajaluo, watoto walilala siwindhe, kwa bibi aliyeitwa pim, na usiku bibi yule alikuwa fisi, akawa sungura, akawa mke mwenza mwenye wivu, kwa mdomo mmoja huo huo wenye mapengo. Alikuwa mwigizaji. Asubuhi bibi yule yule ndiye aliyewaonya watoto, na wakamsikia. Au chukua pakruok. Nyatiti inapigwa, watu wamekolea, mara mtu mmoja anatoa pesa yake, anasimamisha mpigaji, anajisifu: yeye ni nani, ni mwana wa nani, rafiki yake ni nani. Ni dakika moja tu. Ukinung'unika, pesa yako imekwenda na sifa hukupata. Basi watu wa ziwa hili tumekuwa tukilipia dakika ya kuhutubia tangu kabla ya kuja kwa vipaza sauti. Nani anasema ulumbi ni mgeni kwetu?

Na marehemu Raila Odinga alilijua hilo vizuri. Alikuwa akisimama mbele ya umati, anasema, kitendawili! Uwanja mzima unaitika, tega! Hapo hajasema neno la siasa bado, lakini umati umekwisha kuvuta pumzi pamoja naye.

Sasa niwape kisa ambacho wengi wanakijua kwa filamu, ila kina kipande kimoja kinachotuhusu na ambacho husahaulika. Desemba mwaka 1924, mtoto wa pili wa mfalme wa Uingereza, Duke wa York, alikuja Kenya na mkewe kuwinda. Simba na kifaru hawakumtisha. Alichokiogopa ni kusimama na kusema, kwa sababu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Miezi michache baada ya kurudi kwao, tarehe 31 Oktoba 1925, alitakiwa kuhutubia kufunga maonyesho makubwa ya dola ya Uingereza huko Wembley. Yalikuwa mateso, kwake na kwa waliokuwa wakimsikiliza.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1926, akapelekwa kwa mtu aliyeitwa Lionel Logue, mtaa wa Harley, London. Logue alikuwa Mwaustralia, mzaliwa wa Adelaide mwaka 1880. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa jukwaa: alikariri mashairi mbele ya watu, aliigiza, alifundisha matamshi mjini Perth. Baada ya vita vya kwanza vya dunia walirudi askari waliopoteza usemi, wengine kwa gesi ya sumu, wengine kwa vishindo vya mizinga, na Logue akaanza kuwasaidia kwa alichokijua, yaani pumzi na mazoezi ya koo na ulimi. Na zaidi ya hayo, nadhani, aliwasaidia kwa kukaa nao. Mtu ambaye kazi yake ni kuingia katika maisha ya wengine hufahamu upesi hofu ilipojificha.

Duke akafunzwa kupumua. Akafunzwa sentensi ngumu za kukoroga ulimi. Na kwenye karatasi za hotuba Logue alifanya kitu ambacho hata wewe unaweza kukifanya leo kwa kalamu ya shilingi kumi au ishirini: aliweka mistari midogo mahali pa kutua, na pale palipokuwa na neno linalomkwamisha mteja wake, alilibadilisha. Mei 1927 Duke alifungua bunge la Australia mjini Canberra, akasema, akamaliza. Mwaka 1936 kaka yake alikiacha kiti, naye akawa mfalme, George wa Sita. Tarehe 3 Septemba 1939 alipowatangazia watu wake kwa redio kwamba nchi imeingia vitani, Logue alikuwa naye chumbani, wawili mbele ya kipaza sauti. Sisi wa huku tunaweza kuikumbuka hotuba ile kwa namna yetu, maana vita vile ndivyo vilivyowapeleka babu zetu mpaka Burma.

Kigugumizi cha mfalme hakikuisha, akaishi nacho. Nasema hivi kwa sababu najua kuna mzazi anayenisikiliza ambaye mwanawe ana kigugumizi, na jirani amemwambia mtoto anaogopa tu, au amerogwa, au alitekenywa sana akiwa mdogo. Si hivyo, mama. Usimmalizie maneno yake. Usimwambie harakisha. Mngoje afike mwisho wa sentensi yake. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na haiuzwi.

Tuje sasa kwenye jambo linalotuuma. Lafudhi.

Tusidanganyane. Kiswahili chetu huku ziwani kinachekwa. Dholuo haina sauti ya sh, basi shamba linakuwa samba, na shule inakuwa sule, na mtoto wetu akienda Mombasa au Nairobi anachekwa mpaka anaamua kunyamaza. Nimeona watu wazima wenye akili, wenye jambo la kusema, wanaikataa maiki kwa sababu hiyo moja.

Mnamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi? Nani hakucheka naye na Mama Kayai kwenye runinga? Alizungumza Kiswahili cha Mjaluo hasa, na mwili wake mzima ukaongea Kijaluo. Kumbe jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na hakuwa Mjaluo. Alifariki Julai mwaka 2015, na mpaka leo kuna watu hapa Kisegi wanaobisha kwamba haiwezekani. Alijuaje? Alisikiliza. Alitusikiliza sisi kuliko tunavyojisikiliza. Ukimwangalia mwigizaji kama huyo unatambua kwamba lafudhi ni kama shati: linaweza kuvaliwa, linaweza kuvuliwa, na aliye nalo hana sababu ya kujificha. Kama Wanjau aliweza kuivaa ya kwetu, na wewe ukitaka waweza kujifunza sh. Chukua zoezi hili, nimelitunga mwenyewe asubuhi hii: shemeji ashusha samaki sita Sindo, ashusha sita, aacha saba. Polepole. Tena. Mara kumi wakati unakamua ng'ombe.

Lakini sh siyo itakayofanya watu wakusikilize. Tom Mboya alitoka hapa jirani, Rusinga. Desemba mwaka 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. Waliokuwa ukumbini walikuwa na lafudhi za kila namna, na hawakuja kuzipima. Mwalimu wa sauti anayekuambia kazi ya kwanza ni kuongea kama mtu wa London, mdai akurudishie ada yako.

Na hapa kuna walimu wa sauti wenye makosa ya aina nyingine. Margaret Thatcher wa Uingereza alipokuwa akipanda katika siasa, miaka ya 1970, mwigizaji mkubwa Laurence Olivier alihusika kumpatia mwalimu wa sauti kutoka jumba la kitaifa la maigizo, na sauti yake ikashushwa, ikawa nzito. Ikamfaa, na uchaguzi akashinda. Ila mimi sipendi mama zetu waambiwe kwamba lazima wangurume kama wanaume ndipo wasikike. Gavana wetu wa Homa Bay ni mwanamke. Mbunge wa Suba Kaskazini ni mwanamke. Umewahi kumsikia Millie Odhiambo akasemwa hasikiki?

Basi tuwaache wafalme na mawaziri. Mwigizaji aliyegeuka mwalimu wa sauti, hapa kwetu, utampata wapi?

Nitakuambia nilipompata mimi. Mnawajua wale vijana wanaozunguka shuleni wakiigiza vitabu teule? Wanafika na matatu, sanduku moja la mavazi, kitenge kimoja ambacho leo ni pazia na kesho ni joho la Majoka. Waliigiza tamthilia ya huyo Majoka, Kigogo ya Pauline Kea, mpaka watoto wakajua mitaa ya Sagamoyo kuliko mitaa ya Mbita. Wakaja na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Wanaigiza bwaloni, mamia ya wanafunzi wamebanana, hakuna maiki, paa ni la mabati, na kama bahati ni mbaya mvua inaanza. Nilisimama mlangoni siku moja nikawatazama. Mvua ilipopiga bati, nilidhani watapiga kelele. Hawakupiga. Yule aliyekuwa akisema alisogea mbele hatua mbili, akapunguza mwendo, akamalizia kila neno mpaka herufi ya mwisho. Mpishi aliyesimama nyuma kabisa, na mwiko wake mkononi, akacheka mahali panapochekesha.

Baadaye nilimuuliza kijana yule, wewe unamwigizia nani? Akanionyesha kwa kidevu: yule mama wa nyuma kabisa. Akanieleza kwamba kabla ya kuanza humtafuta mtu aliye mbali kuliko wote, na onyesho zima humpelekea huyo. Waliokaa katikati watapata njiani.

Wasikilizaji wangu, hiyo ndiyo kazi yote. Kijana huyo siku hizi ni mfawidhi arusini, huyu tunayemwita emsii, na nimewaona watu wazima wakimwita pembeni kabla ya kusimama, wanamuuliza, nisimameje? nianzeje? Hana kibao mlangoni. Hajui kwamba yeye ni Satyrus. Kuna wengine kama yeye katika kila kaunti, na walimu wa drama wanaoandaa watoto kwa tamasha kila mwaka ni wa ukoo huo huo. Na ukitaka kuona kwamba jukwaa, darasa na studio ni ukoo mmoja, mtazame John Sibi-Okumu: mwalimu, msomaji habari, mwandishi wa tamthilia, na mwigizaji aliyeonekana hata katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005.

Sasa turudi kwa yule mzee aliyetikisa kichwa. Mwigizaji si ni mtu wa kujifanya? Mzee wangu, mwangalie msemaji asiyefunzwa. Akikaa nyumbani anaongea vizuri, anacheka, mikono inatembea. Mwite mbele ya watu. Ghafla anasimama kama nguzo ya stima, sauti inapanda puani, anaanza kusema maneno ambayo hajawahi kuyasema maishani mwake, itifaki imezingatiwa, itifaki imezingatiwa. Nani hapo anajifanya? Mimi naona ni yeye. Amevaa mtu asiyemjua, na mwigizaji, ambaye kuvaa na kuvua watu ni kazi yake, ndiye anayejua kumvua.

Mimi mwenyewe nimevuliwa. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa nafasi ya kusema kwenye mazishi ya rafiki. Mnajua mazishi yetu: mahema, spika kubwa kama kabati, watu kutoka kila mahali. Nikashika maiki, nikasema na sauti yangu ya redio, hii nzuri mnayoisikia. Nikiwa katikati, jenereta ikazima. Nikaendelea, nikapaza. Nikapaza zaidi. Koo likakauka, nikakohoa, nikaomba radhi, nikaketi. Mtu wa redio! Kisha akasimama mzee mmoja, mwembamba, ameshika fimbo. Hakuanza kusema. Alitazama watu mpaka wale wa chini ya mwembe, kule mwisho. Akavuta pumzi. Akasema jina la marehemu, jina tu, taratibu. Na kule chini ya mwembe mwanamke mmoja akaitikia kwa kilio.

Tofauti yangu na mzee yule ilikuwa nini? Mimi nilikuwa nikisikiliza sauti yangu. Yeye alikuwa akisikiliza mwembe.

Haya, tufanye zoezi, dakika mbili tu, hata kama watoto watakucheka. Simama. Miguu iachane kidogo, kama umesimama ndani ya mashua na hutaki kuanguka. Weka mkono juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu. Vuta pumzi kwa pua. Mabega yamepanda? Basi umevuta vibaya, rudia. Mkono ndio unaotakiwa kusukumwa mbele, kwa sababu chini ya mapafu kuna msuli mpana kama sahani, na ukishuka ndipo hewa inaingia vya kutosha. Wavuta nyavu mnaijua pumzi hii. Hakuna anayevuta wavu kwa pumzi ya kifuani. Sasa toa hewa polepole, sss, kama tairi la baiskeli lililotobolewa na msumari. Tena, sss. Sauti ni pumzi hiyo hiyo ikipita kooni, kwenye mikunjo miwili midogo inayotetemeka. Ukipiga kelele unaikaza, inasuguana, inavimba. Na sauti ikikauka kwa zaidi ya wiki tatu, usiendelee kutafuna tangawizi, nenda hospitali ukaangaliwe.

Umemaliza? Sasa sema sentensi hii: kila mashua italipa shilingi mia tatu. Sema tena, na usikie mwisho wake. Wengi wetu tunaanza sentensi na nguvu za ng'ombe dume na kuimaliza na nguvu za kifaranga. Kwa Kiingereza labda utapona, kwa kuwa kule namba hutangulia. Kiswahili namba hukaa nyuma: shilingi mia, kisha tatu. Mwenyekiti wa ufuo akiimeza silabi ya mwisho, nusu ya mkutano inaondoka ikijua ni mia tatu, nusu nyingine inajua ni mia tano, na wiki ijayo watu wanapigana juu ya hesabu. Ugomvi mwingine wa ufuoni, naapa, ni pumzi iliyokwisha mapema.

Kwa hiyo pumzi kwanza. Mwisho wa sentensi, usiumeze. Na yule mama wa nyuma kabisa, mtafute kabla hujafungua mdomo. Nayasema tena kwa aliyefungua redio sasa hivi: pumzi, mwisho wa sentensi, mama wa nyuma.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha vidole. Nina kazi moja ya kuwapa. Kesho asubuhi ukifika ufuoni, chagua mtu mmoja aliye mbali, anayeanika omena kule mwisho. Usimpigie kelele. Simama, mtazame, vuta pumzi, mwite jina lake, na umalize silabi ya mwisho. Akigeuka, niandikie uniambie alikuwa umbali gani, nitasoma barua zenu wiki ijayo saa kama hii.

Usiku mwema, Kisegi. Na wewe ndugu yangu uliye kwenye ile taa ya mbali kabisa huko majini, wewe unayekohoa, maji yako hayo, kunywa.